Hiyo Sauti Si Yake

Ijumaa usiku, mvua ikichapa mabati ya zizi,
Emrys huvaa miwani mbili kwa pamoja,
husogeza kiti hadi magoti yaguse meza ya runinga.
Watu wengine hungoja kichekesho.
Mume wangu hungoja trekta.

"Simamisha!" asema, na mwenye rimoti ni mimi,
maana kidole gumba chake hakikunjiki tena.
Nasimamisha. Mcheshi anabaki hewani,
suruali imeshuka, ndoo i kichwani,
hata samadi hajaifikia,
na Emrys hana habari naye. Anatazama nyuma yake,
kipande cha boneti kando ya ukuta wa mawe.
"Ferguson. Ya petroli. Arobaini na nane, arobaini na tisa.
Ona boneti inavyoinamia mbele."
Mimi naona kijivu. Wales nzima ni kijivu.

Ana daftari lenye safu mbili:
kilichoonekana, na kilichosikika.
Ugomvi wote uko safu ya pili.
Watu wa filamu, asema, hawana haya:
wanaonyesha Fordson ya buluu, silinda nne,
wanaipachika mlio wa Marshall ya silinda moja,
du, du, du, kama mtu mzima anayekohoa kanisani,
wakidhani nchi nzima imezibwa masikio.
"Hiyo sauti si yake!"
Nimeolewa miaka arobaini na sita. Hajanifokea hivyo
hata siku niliyoligonga lango la kasisi kwa gari lake jipya.

Wiki iliyopita kikaja kipindi cha harusi.
Bibi harusi anapelekwa kanisani kwa trekta,
breki zinakatika mteremkoni,
bustani, nguo zilizoanikwa, meza ya keki,
na kila mtu ajua mwisho ni bwawa la bata.
Wanacheka wale watazamaji wasioonekana,
kicheko cha kopo, kilichofungwa mwaka wa sabini na nne,
na wachekaji wengi wameshazikwa.
"Simamisha."
Nikasimamisha.
"Rudisha nyuma."
Trekta ikatoka bwawani, kavu,
bata wakatua majini kinyumenyume,
keki ikawa nzima.

Akaweka kidole kwenye kioo, kwenye madigadi ya kushoto,
palipokuwa na kovu la kuchomelea,
nene, limepinda kama kiwavi.
"Hiyo kazi yangu," akasema.
"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.
Vijiti niliviiba kwa mjomba Ieuan."

Habari za mnada nilizijua. Knighton, Machi, theluji ya majimaji,
baba yake amesimama pembeni, kofia mkononi kama mfiwa,
na mtu wa mjini, koti la manyoya,
ananunua bila kufungua boneti, bila hata kuuliza inawashwaje.
Nisichojua ni kwamba miaka yote hii,
nyuma ya kila mcheshi mwenye ndoo kichwani,
alikuwa akiitafuta.

Nikamuuliza, tuendelee au tuzime?
Akapangusa miwani zote mbili.
"Endelea. Ila zima sauti."

Basi ikateremka kimya,
David Brown nyekundu, shela imenasa kwenye ekzosi,
ikapita nguo, ikapita keki,
na Emrys, midomo wazi kidogo, akawa anatoa mlio kooni,
ule wenyewe, silinda nne, ya tatu ikikosa kila mara,
ukazidi, ukazidi,
hadi maji yalipofika kwenye radieta.
Akanyamaza nayo.

Akafungua daftari. Safu ya pili
akaandika neno ambalo sikuwahi kuliona humo:
sahihi.

Halafu, kama mtu anayeuliza bei ya viazi,
akataka kujua naonaje,
bwawa lile lina kina gani.